Unataka Kutoa Riwaya Yenye Michoro? Mchague Mchoraji Hivi

Huenda wewe ni mwandishi wa Kimaeti ambaye riwaya yake ya kwanza iliuzwa ikaisha, na sasa unataka kuitoa upya ikiwa na picha. Huenda mko kundi la wanafunzi wa zamani huko Khasoko mnaotaka kumuenzi mwalimu wenu aliyeacha kitabu. Au baba yenu aliandika riwaya, amefariki, na jamaa mmeamua kumtengenezea nakala zinazofaa kuwekwa sebuleni. Kitu hicho kinaitwa toleo maalumu: maneno ni yaleyale ya kitabu cha kwanza, ila jalada ni gumu, karatasi ni nzuri zaidi, nakala ni chache, na ndani mna michoro. Mengine yote mpiga chapa atakuelekeza. Mchoraji ni kazi yako kumtafuta, na makala haya yanaeleza namna ya kumpata ukiwa hapahapa Bumula.

Kabla ya mchoraji, jiulize: kitabu ni cha nani? Ukikiandika mwenyewe na kukichapisha kwa fedha zako, ni chako, endelea. Ikiwa kilitolewa na kampuni ya uchapishaji, fungua mkataba wako wa zamani uone kama uliwaachia haki ya kutoa matoleo mengine. Kama uliwaachia, utahitaji barua yao ya idhini. Kwa kitabu cha mtu mwingine, kumpenda mwandishi hakutoshi. Chukua Siku Njema ya Ken Walibora, kijana wa nyumbani aliyezaliwa Baraki, Kaunti ya Bungoma. Longhorn waliitoa mwaka 1996, kwa hiyo inatimiza miaka 30 mwaka 2026, na nadhani hakuna riwaya ya Kiswahili inayostahili michoro kuliko hiyo katika pembe hii ya nchi. Lakini Walibora alifariki Aprili 2020, na sheria ya Kenya hulinda maandishi ya mtu kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Hesabu: hadi mwisho wa 2070. Anayetaka kuitia picha aanze na mchapishaji na warithi, si na penseli.

Swali la pili ni picha ngapi, na za rangi au za weusi na weupe. Liamue mapema, maana jibu lake ndilo linalokuambia unatafuta mchoraji wa aina gani. Vitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa na kukatwa, kwa hiyo kurasa huenda kwa mafungu ya 8 au 16. Ukitaka picha za rangi, kwa kawaida zitakusanywa katika fungu moja la karatasi nzito inayong'aa na kushonwa katikati ya kitabu. Picha 8 zinaingia vizuri katika fungu la kurasa 8. Picha 9 zinakuletea gharama ya fungu la pili ambalo karibu lote ni tupu. Michoro ya wino mweusi haina shida hiyo: inachapwa pamoja na maneno, kwenye karatasi ileile, popote unapotaka iwe.

Mimi ningeenda na wino mweusi. Sababu ya kwanza ni fedha, lakini si hiyo tu. Wino mweusi humwachia msomaji nafasi ya kutia rangi zake mwenyewe, na vitabu vikubwa vya Kiafrika vilitumia njia hiyo bila kupungukiwa na kitu. Wimbo wa Lawino (Song of Lawino) wa Okot p'Bitek, ulipotolewa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1966, ulikuwa na michoro ya Frank Horley ya weusi na weupe. Toleo la Things Fall Apart la Chinua Achebe ambalo wengi wetu tulilisoma shuleni lilikuwa na michoro ya Dennis Carabine, nayo pia haina rangi. Ukiwa na mwalimu wa zamani jirani, muombe akuonyeshe. Utajifunza mengi kwa kuangalia tu ni mahali gani picha iliwekwa na ni wapi iliachwa.

Sasa, mchoraji anapatikana wapi? Wa kwanza yuko karibu kuliko unavyodhani. Mtu anayeandika mabango ya maduka na kuchora kuta za shule za chekechea huwa na mkono uliozoea kazi na tarehe ya mwisho. Nenda sokoni Bumula, Chwele au mjini Bungoma, angalia mabango yanayokupendeza, uliza ni nani aliyeyachora. Wa pili ni mwalimu wa sanaa katika shule za sekondari. Hata kama hachori yeye, anajua ni mwanafunzi gani aliyemaliza shule juzi akiwa na kipaji. Wa tatu ni chuo kikuu. Maseno na Kenyatta hufundisha sanaa, na barua fupi kwa mkuu wa idara, ikieleza kazi, malipo na muda, hubandikwa ubaoni bila gharama. Ukipata nauli ya Nairobi mwezi Septemba, pitia Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu yanayofanyika Sarit Centre. Shika vitabu vya watoto, soma jina la mchoraji katika kurasa za mwanzo, andika majina. Vitabu vya watoto ndivyo vinavyowalisha wachoraji wengi wa vitabu nchini, na wengi wao wangefurahi kupewa riwaya ya watu wazima.

Ukiwapata watatu au wanne, omba kila mmoja akuonyeshe kazi zake za awali. Usiangalie picha iliyo nzuri kuliko zote. Kila mchoraji ana moja. Angalia mikono ya watu aliowachora, kwa sababu asiyejua huificha nyuma ya mgongo au mfukoni. Kisha tafuta mtu mmoja aliyechorwa mara mbili au tatu. Je, ni yuleyule? Riwaya ina wahusika wanaorudi sura baada ya sura, na mchoraji ambaye uso wa mhusika humbadilikia mkononi atakupa kitabu kilichojaa wageni. Halafu fanya jaribio hili la bei rahisi: peleka mchoro wake mmoja kwenye duka la fotokopi, uutoe nakala ya kawaida. Mistari ikibaki wazi na vivuli visigeuke kuwa doa jeusi, mchoro huo utavumilia mtambo wa kuchapa. Ukigeuka tope, basi uzuri wake ulikuwa wa penseli laini na karatasi nzuri, na mtambo hautauona.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoipa uzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Mpe kila mmoja riwaya nzima, si muhtasari. Mpe wiki mbili au tatu za kusoma. Kisha mwite mketi, usimwambie unataka picha gani. Muulize yeye: ungechora wapi, na kwa nini?

Majibu yatakuchagulia. Yupo atakayesema, "Wewe niambie tu unataka nini, mimi nitachora." Huyo ni fundi wa bango, mheshimu, mtafutie kazi nyingine. Yupo atakayetaja pigano, harusi na kifo, yaani mambo ambayo mwandishi tayari ameyaeleza kwa maneno mengi. Na yupo atakayekuuliza maswali: mama wa huyu kijana alikuwa na umri gani? Nyumba yao ilikuwa ya nyasi au ya mabati? Kwa nini mwandishi haelezi sura ya mjomba popote? Anayeuliza hivi amesoma. Hata kama mkono wake ni dhaifu kidogo kuliko wa mwenzake, ningemchukua yeye. Mkono hunyooka kwa mazoezi, na miezi sita ya kazi ni mazoezi ya kutosha. Sijaona asiyesoma akianza kusoma kwa sababu amepewa mkataba.

Ukibaki na wawili au watatu, wape mtihani. Kila mmoja achore tukio lilelile moja, kwa ukubwa uleule wa ukurasa wa kitabu chako, na ulipie michoro yote, hata ya wale utakaowaacha. Usiandae "mashindano" ambamo watu watano wanachora na mmoja tu analipwa. Wachoraji wazuri huwa hawaji kwenye mashindano ya namna hiyo, nawe utajuta baadaye ukikutana nao mitaani. Elewaneni pia kwamba michoro ya wasioshinda hubaki yao.

Uchague tukio gani? Si mandhari. Mlima Elgon ukiwa na wingu unamfanya kila mtu aonekane stadi. Chagua mahali watu wawili wanazungumza na kuna jambo wanalofichana, ndani ya nyumba, usiku au jioni. Hapo mchoraji atalazimika kushughulikia uso, mwanga, vyombo vya nyumbani, na kimya. Ikiwa riwaya inasafiri, chagua tukio la mahali asipopafahamu. Katika Siku Njema, Kongowea anatoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba yake. Kijana wa Bumula atachora shamba la mahindi la Kitale akiwa amefumba macho. Mpe Tanga. Je, atauliza namna mwanamke wa pwani anavyojifunga leso, au atamvika mavazi ya dada yake? Na mchoraji wa pwani mpe Kitale vivyo hivyo, uone kama atajua asubuhi zake ni za sweta.

Suala hili la uhakika wa vitu ni zito kwa riwaya zetu za huku. Ikiwa kitabu kina tohara ya Kibukusu, msomaji wa Siboti atatazama kwanza chinyimba, yaani njuga, mikononi mwa kijana, na mchoraji akizikosea atafunga kitabu. Litungu ya Wabukusu si nyatiti ya Waluo, ingawa kwa mtu wa mbali zote ni ala za nyuzi. Kwa bahati njema, tuna mahali pa kujifunzia. Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974 kutokana na hazina ya vitu alivyokusanya Kanali Stoneham, yana vyombo vya jamii za eneo hili na nyumba za kimila zilizojengwa uwanjani. Kutoka Bungoma unakwenda Webuye, kisha unashika barabara ya Kitale kupitia Kamukuywa na Kiminini. Mpe mchoraji nauli, kiingilio na chakula cha mchana, aende na daftari akachore siku nzima. Gharama hiyo iandike katika bajeti tangu mwanzo. Tohara yetu hufanyika miaka inayogawika kwa mbili, kwa hiyo kama mnaanza kazi mwaka wa namna hiyo, Agosti ataiona kwa macho yake. La sivyo, apeleke rasimu kwa kukhu au kuka (bibi au babu) mmoja mwenye kumbukumbu nzuri, akae kimya, asikilize anavyokosolewa.

Watu huniuliza kama ni vizuri kamati ichague. Watu watatu wanatosha: mwandishi au mrithi wake, msomaji mmoja anayekipenda kitabu, na mtu mmoja anayejua uchapaji. Mkishafanya uamuzi, ateuliwe mmoja tu wa kuzungumza na mchoraji. Hakuna kinachomchosha msanii kama kuambiwa Jumatatu afupishe pua na Jumatano arefushe.

Tuje kwenye fedha. Wachoraji hutoza kwa mchoro mmoja au kwa kazi nzima, na bei hutofautiana kwa uzoefu, ukubwa wa picha na kama ina rangi. Omba kila mmoja akuandikie bei yake kwenye karatasi kabla ya mtihani, uzilinganishe. Kisha ugawe gharama hiyo kwa idadi ya nakala, maana hapo ndipo utaona kama unaimudu. Tuseme, kwa mfano tu, mmekubaliana shilingi 60,000 kwa michoro 12. Ukichapa nakala 500, mchoraji anaongeza shilingi 120 kwa kila kitabu. Ukichapa 100, anaongeza shilingi 600. Mchoraji yuleyule, bei ileile. Kinachobadilika ni idadi. Ndiyo sababu ni vyema kwanza uorodheshe watu watakaonunua na kulipa kiasi mapema, kabla ya kuamua ni michoro mingapi.

Malipo yagawe mara tatu: sehemu mnapotia saini, sehemu ukishakubali rasimu zote za penseli, na iliyobaki ukipokea michoro iliyokamilika. Tuma kwa M-Pesa na uhifadhi ujumbe wa kila malipo. Usilipe yote mwanzoni hata kama ni mtoto wa dada yako. Hasa kama ni mtoto wa dada yako.

Mkataba je? Ni lazima uandikwe, na kuna jambo moja la kisheria ambalo pande zote mbili mara nyingi hazilijui. Hakimiliki ni haki ya kuamua nani anaruhusiwa kunakili na kuuza kazi. Wengi hudhani kwamba mchoraji hubaki nayo daima. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kwamba ukimwagiza mtu kazi, hakimiliki inachukuliwa kuwa imehamia kwako uliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo mkikaa kimya, wewe ndiwe unayefaidika. Sikushauri uutumie ukimya huo. Andikeni waziwazi: michoro itatumika katika toleo hili, kwa nakala kadhaa, na katika matangazo yake; ukitaka kuiweka kwenye fulana, kalenda au toleo la pili, mtaelewana upya na atalipwa tena. Mchoraji anayejua hivyo hukupa bei ya chini, kwa kuwa hauzi kila kitu. Na jina lake liwe kwenye ukurasa wa mwanzo wa kitabu, si kwa herufi ndogo huko nyuma. Hata hakimiliki ikihamia kwako, haki ya kutambuliwa kuwa yeye ndiye aliyechora hubaki yake.

Mkataba uwe na mambo mengine machache: idadi na ukubwa wa michoro, tarehe za kukabidhi rasimu na za kumaliza, na ni mara ngapi unaweza kuomba mabadiliko bila kuongeza fedha. Mara mbili kwa kila rasimu ni haki. Baada ya wino kukauka, mabadiliko yalipiwe. Andikeni pia atalipwa nini ukiacha mradi katikati. Siku hizi ongeza sentensi moja inayosema kwamba michoro itachorwa kwa mkono wake, si kutengenezwa na programu za kompyuta zinazozalisha picha, na kwamba atakuonyesha rasimu zake hatua kwa hatua. Ikiwa mchoraji hajafika miaka 18, mzazi au mlezi wake ndiye atie saini pamoja naye. Kurasa mbili za Kiswahili rahisi, saini mbili na shahidi mmoja zinatosha kwa kazi ndogo. Kwa kazi ya fedha nyingi, mlipe wakili wa mjini Bungoma akusomee.

Michoro ikishakamilika, isipigwe picha kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp kama picha za arusi. Programu hiyo hupunguza ubora wa picha ili ipite haraka. Michoro isomwe na skana kwa nukta 300 au zaidi katika kila inchi (kwa mistari ya wino mweusi, 600 ni bora), kisha itumwe kama faili au ipelekwe kwa kidude cha USB. Kabla mpiga chapa hajaanza kazi, mwambie akutolee ukurasa mmoja wa mfano wenye mchoro, kwenye karatasi ileile atakayotumia, na mchoraji wako aukubali kwa saini. Mwaka 1865 huko Uingereza, kitabu cha Alice cha Lewis Carroll kilikuwa kimeshachapwa nakala 2,000 pale mchoraji wake, John Tenniel, alipolalamika kwamba picha zake zimechapwa vibaya. Uchapaji huo uliondolewa, kazi ikaanza upya kwa mpiga chapa mwingine. Carroll alimudu hasara hiyo. Kikundi cha Kabula hakitaimudu.

Bado kuna karatasi za serikali, nazo si ngumu. Toleo jipya linahitaji nambari mpya ya utambulisho, ile ISBN ya tarakimu 13 nyuma ya kitabu. Usirudie ya zamani. Inatolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa, KNLS. Kusajili hakimiliki si lazima, kwa kuwa ulinzi huanza pale kazi inapotengenezwa, lakini cheti husaidia ukizuka ugomvi. Usajili hufanywa mtandaoni na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Riwaya na michoro ni kazi mbili tofauti, kila moja na mwenyewe, kwa hiyo isajilini kila moja peke yake.

Jambo la mwisho ni ile michoro yenyewe, karatasi halisi zilizochorwa kwa mkono. Kumiliki haki ya kuichapa si sawa na kumiliki karatasi, na mkataba useme ni za nani. Pendekezo langu ni zibaki kwa mchoraji. Siku ya kuzindua kitabu azitundike ukutani ukumbini, kila moja na bei yake, mapato yawe yake au mgawane kama mlivyoandika. Wewe mpe nakala tano za kitabu bila malipo, zenye saini ya mwandishi. Naye aweke saini yake kwenye kila nakala kabla haijatoka mikononi mwenu, kwa kalamu ya wino usiofutika, na mziache zikauke kabla ya kufunga majalada.